Omena haina pasipoti: tuongee kuhusu taka za nyuklia

Wasee, kuna kitu kimoja watu wanakiruka kila wakiongea mambo ya nyuklia Kenya. Taka. Stima ya viwanda tunaisikia, kazi kwa vijana tunaisikia, maendeleo usiseme. Lakini kinu kikishachoma fueli yake ya urani, kile kinachobaki hakipelekwi Dandora. Kinakaa kwanza kwenye vidimbwi vya maji hapo hapo kinuni kwa miaka, halafu kwenye makasha mazito, ukingojea mahali pa kudumu. Na duniani hadi leo, nchi ambayo imefika mbali zaidi kuchimba mahali pa kudumu pa fueli iliyotumika ni Finland. Wengine wote wanangoja.

Kwa wale hawajafuata hii story: kinu chetu cha kwanza kilipangiwa Uyombo, Kilifi. Wakazi wakakataa, 2024 wakaandamana, na baadaye serikali ikageuza macho kuelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Lengo ni stima kufikia 2034. Sasa kumbuka hili: Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya ziwa hilo. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Bonde lote lina watu zaidi ya milioni 40, na maji yakitokea Jinja yanakuwa Nile. Ni kama kuweka jiko la makaa kwenye kona yako ya chumba ambacho mnalala watu watatu. Kona ni yako, sawa. Moshi je?

Mimi si mtu wa kupinga nyuklia kwa sababu ya sinema. Ninachotaka ni hatari ipimwe vizuri, na ipimiwe watu wote. Ndiyo maana nimekuwa nikisoma sana kesi ya Kanada.

Kampuni ya umeme ya mkoa wa Ontario, OPG, ilitaka kuzika taka za mionzi za kiwango cha chini na cha kati huko Kincardine. Si fueli yenyewe, ni vitu kama nguo za kazi, vichujio na vipuri vya vinu. Mita za ujazo 200,000 hivi, kwenye mwamba wa chokaa, mita 680 chini ya ardhi. Shida ni kwamba shimo lingekuwa kilomita 1 na kidogo kutoka Ziwa Huron, na ng'ambo ya ziwa ni Michigan, Marekani. Maziwa yale makuu yanawapa maji ya kunywa watu karibu milioni 40.

Wanasayansi walifanya kazi yao. Jopo la tathmini lilisikiliza watu kwa wiki nyingi, na 2015 likasema mradi hauelekei kuleta madhara makubwa kwa ziwa. Wanasiasa wa Michigan wakapinga, miji ya pande zote mbili ikapitisha maazimio, serikali ya Kanada ikaahirisha uamuzi mara kadhaa. Lakini kilichoua mradi ni kitu kingine. OPG ilikuwa imeahidi 2013 kwamba haitajenga bila kibali cha Saugeen Ojibway, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Januari 2020 wakapiga kura: 1,058 hapana, 170 ndiyo. Story ikaishia hapo.

Kuna mtu atasema hiyo ni hisia imeshinda sayansi. Mimi sioni hivyo. Hebu tuangalie hatari yenyewe inapimwaje.

Maswali ni matatu: ndani kuna nini, kitapita wapi, kitamfikia nani. La kwanza ni fizikia. Seziamu-137 inapungua nusu kila miaka 30, strontiamu-90 kila miaka 29, plutoniamu-239 kila miaka 24,000. La pili ni jiolojia, yaani mwamba, nyufa, maji ya chini. Halafu la tatu ndilo linatoa jibu la afya: mtu atapata dozi kiasi gani? Kiwango kinachokubalika kwa raia kutoka kwa shughuli kama hizi ni milisiveti 1 kwa mwaka. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili, ile ya ardhi, mawe na anga, inampa mtu wastani wa 2.4. Kwa hivyo shimo zuri, likijengwa vizuri, linaweza kuwa na hatari ndogo sana. Huo ni ukweli na lazima tuuseme.

Lakini hesabu hizo zinategemea binadamu. Wakati jopo la Kanada bado linasikiliza watu, Februari 2014, pipa lilipasuka kwenye ghala la taka la WIPP, New Mexico, mita 655 chini ya ardhi. Sababu? Mtu alitumia mchanga wa choo cha paka wa aina isiyofaa kunyonya majimaji ndani ya pipa. Ukachemka na kemikali zilizokuwemo. Ghala likafungwa karibu miaka mitatu. Hakuna modeli iliyokuwa na mstari wa mchanga wa paka.

Na hapa ndipo narudi kwetu, kwa swali la tatu: kitamfikia nani? Huyo mtu wa kwenye hesabu anakula nini? Strontiamu mwili unaichukua kama kalsiamu, inaenda kwenye mifupa. Mtu anayekula minofu ya mbuta anaacha mifupa kwa sahani. Lakini sisi omena tunakula nzima, kichwa na mifupa. Ukichukua modeli ya mla samaki wa Ulaya ukaibandika Siaya, dozi yako itatoka ndogo kwenye karatasi tu. Na samaki huyo huyo Mwanza anaitwa dagaa, Uganda mukene. Tunagombania Migingo kwa sababu samaki hawajui mpaka uko wapi. Basi na taka hazitajua.

Kwa hivyo kabla mtu hajakata utepe, nataka kuona mambo matatu. Maji, samaki na takwimu za saratani zipimwe sasa, pande zote tatu za ziwa, maana bila kipimo cha kabla hakuna mtu atathibitisha chochote baadaye, si serikali, si mgonjwa. Pili, mpango wa taka uwekwe mezani pamoja na mpango wa stima, si miaka 20 baadaye. Tatu, Tanzania na Uganda wakae kwenye tathmini tangu mwanzo. Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria ilisainiwa 2003, na tume yake iko Kisumu, hapo tu. Meza tunayo.

Sisi wa miaka 20 leo ndio tutakuwa wazee wakati fueli ya kwanza bado inapoa. Ukienda kwa kikao cha umma, wacha wengine waulize bei ya stima. Wewe uliza taka zitalala wapi, na nani wa Mwanza ameambiwa.