Riwaya za Ufilipino mezani kwa katibu wa msikiti

Wajumbe wa kamati yetu wamezoea kunikuta na kitabu pembeni ya daftari la michango. Mmoja wao, mzee ninayemheshimu kama baba, aliniuliza siku moja kama mtu aliyehitimu chuo cha dini hana cha kusoma isipokuwa hadithi za kutunga za watu asiowajua. Kitabu chenyewe kilikuwa Noli Me Tangere cha José Rizal, Mfilipino. Adhana ya Alasiri ilikuwa imekaribia, nami sikumjibu kwa urefu. Jibu lenyewe ni refu kuliko nafasi ya kati ya adhana na iqama, ndiyo maana naliweka hapa.

Habari za kitabu hicho nilizipata kwanza kwa mwanafunzi mwenzangu wa chuoni, kijana wa Marawi, mji wa Waislamu ulio kando ya ziwa Lanao katika kisiwa cha Mindanao. Alinieleza kwamba kwao wanafunzi, Wakristo kwa Waislamu, husomeshwa riwaya mbili za Rizal kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1956. Yeye alizisoma kwa kulazimishwa, akazichukia, kisha akazipenda alipokuwa mbali na kwao. Mimi sikulazimishwa na mtu. Nilizisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, kwani Rizal aliandika kwa Kihispania na kwa Kiswahili sijaziona.

Rizal alizaliwa mwaka 1861 katika mji wa Calamba, akasomea utabibu wa macho huku mama yake mzazi akipoteza nuru ya macho yake. Riwaya ya kwanza aliichapisha Berlin mwaka 1887, kabla hajatimiza miaka 26, kwa fedha alizokopeshwa na rafiki. Ya pili, El Filibusterismo, ilitoka Ghent, Ubelgiji, mwaka 1891. Tarehe 30 Desemba 1896 serikali ya Hispania ilimpiga risasi mjini Manila. Alikuwa na umri wa miaka 35, yaani umri wa wengi wetu tunaojiita vijana wa msikiti.

Kisa kinaanza na karamu. Kijana Crisóstomo Ibarra amerejea nyumbani baada ya kusoma Ulaya kwa miaka saba, na mezani anakaa na watawa wa Kihispania waliokuwa wakiutawala mji kuliko serikali yenyewe. Hajui baba yake alikufaje. Taratibu anaambiwa: mzee Don Rafael alimkuta mtoza kodi akimpiga mtoto, akaingilia kati, mtoza kodi akaanguka, akagonga kichwa na kufa. Maadui wakapata mlango. Mashtaka yakarundikwa juu ya mashtaka, na mzee akafia gerezani. Mpaka hapo ni dhuluma ya kawaida ya dunia, na msomaji anaweza kuendelea bila kupumzika.

Lakini Ibarra anakwenda makaburini kulitafuta kaburi la baba yake, na halioni. Mchimba kaburi anamweleza bila haya kwamba aliamriwa na padri kumfukua yule mzee na kumhamishia makaburi ya Wachina, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mtu aliyeiasi dini. Usiku ule mvua ilikuwa kubwa, maiti ilikuwa nzito, na makaburi ya Wachina yalikuwa mbali. Akaitupa ziwani.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Mimi ndiye ninayeandika daftari la maziko la msikiti wetu. Najua bei ya sanda, najua nani ana ufunguo wa chumba cha jeneza, najua tunampigia nani simu usiku ili kaburi liwe tayari kabla ya Adhuhuri. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana: wakiacha wote, wote wanabeba dhambi. Hayo niliyasoma chuoni na kuyajibu kwenye mtihani. Lakini sikuwahi kuyaona kwa jicho la mwana anayesimama makaburini akiuliza, na anayejibiwa na mtu aliyeona kazi ni nzito na mvua ni nyingi.

Wapo Waislamu watakaokisoma kitabu hiki kwa furaha ya kuona aibu za jirani. Watasema: tazameni mapadri wao. Nadhani huo ni usomaji wa hasara. Rizal alikuwa akiwaandikia watu wake juu ya nyumba yao wenyewe, na kila mwenye nyumba ana pa kujitazama. Wiki chache baada ya kukimaliza, ilikuja kwenye kikao chetu hoja kwamba mfuko wa maziko usimhudumie mtu ambaye hakulipa ada kwa mwaka mzima. Hoja haikuwa ya ubaya. Mfuko ulikuwa umepungua, na wapo wanaohama mtaa hadi mtaa wakikumbuka msikiti siku ya msiba tu. Mweka hazina alileta hesabu zake, nazo zilikuwa sahihi. Nikaomba ruhusa ya kuzungumza, nikawasimulia habari za Don Rafael, mvua, ziwa na yote. Sikuongeza aya wala hadithi, kwa kuwa kila aliyekuwa pale alizijua. Kikao kikanyamaza kidogo, kisha mtu mmoja akasema jambo hili lisubiri. Katika kumbukumbu limeandikwa kuwa limeahirishwa, na hesabu za mweka hazina bado ziko vile vile, na bado ni sahihi.

Yule mzee aliyeniuliza habari za hadithi za kutunga alinifuata baada ya Ijumaa iliyofuata. Alitaka kujua yule mwana alimfanya nini mchimba kaburi.

Nilimwambia kwamba hakumfanya kitu chochote, na kwamba kijana yule alitaka kulipa kisasi kwa kujenga shule. Mzee hakuridhika na jibu hilo, na kwa kweli hata Rizal hakuridhika nalo, ndiyo maana kuna kitabu cha pili.

Kabla ya hicho cha pili, niseme juu ya Sisa, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia. Sisa ni mama maskini mwenye mume mcheza kamari. Wanawe wawili, Basilio na Crispín, hupiga kengele kanisani. Crispín, aliye mdogo, anatuhumiwa kuiba sarafu mbili za dhahabu. Anapigwa huko juu mnarani, na harudi nyumbani tena. Mama amewaandalia wanawe chakula cha jioni, anangoja, na mwisho anarukwa na akili. Nilimsimulia mke wangu kisa hiki akiwa anapepeta mchele. Nilipofika pale askari wanapokuja kumchukua yule mama na kumpitisha mjini kama mwizi, aliniambia nyamaza, watoto hawajalala. Siku ya pili aliuliza kama Basilio alipona. Alipona, naye katika riwaya ya pili ni mwanafunzi wa utabibu. Kuhusu bakora za mnarani sina la kuongeza, ila kwamba walimu wa madrasa wangefaidika kuisoma sura hiyo wakiwa peke yao.

Si kila kitu katika Rizal kilinipendeza. María Clara, mchumba wa Ibarra, anazimia mara nyingi mno, na msomaji anamwonea huruma bila kumfahamu. Anapochora watu wa kuchekesha ndipo mkono wake unapokuwa mwepesi. Capitán Tiago, tajiri, anashindana na bibi mmoja mcha Mungu kutoa zawadi za thamani kanisani, kila mmoja akitaka sadaka yake imfunike mwenzake. Kila msikiti una Capitán Tiago wake, yule anayetoa feni na kuuliza jina lake litaandikwa upande gani. Doña Victorina naye, mwanamke wa Kifilipino anayejipaka unga wa mchele na kujitia Uhispania, tunakutana naye kila tuingiapo kwenye duka la vipodozi.

Katika El Filibusterismo, Ibarra amerudi kwa jina la Simoun, sonara mwenye miwani ya buluu na moyo uliokauka. Anapanga kuwaua wakubwa wote wa Manila katika karamu ya harusi kwa taa iliyojazwa nitrogliserini. Kijana mmoja, ambaye bibi harusi alikuwa mpenzi wake, anaingia mbio, anainyakua taa na kuitupa mtoni. Wasomaji wengine huona mapenzi ya mtu mmoja yaliikosesha nchi ukombozi. Mimi nilipumua. Karamuni humo walikuwamo watumishi na wageni wasio na hatia, na katika ulimwengu wetu wa leo tumeona mno matokeo ya taa zisizotupwa mtoni.

Rafiki yangu wa Marawi alikuwa na lawama moja kwa Rizal, nami nilipomaliza kusoma nikaona ana haki. Katika kurasa zote hizo, watu wake karibu hawamo. Hispania ilipouchukua mji wa Manila mwaka 1571, mtawala wake alikuwa Mwislamu, Rajah Sulayman. Waislamu wa visiwa hivyo Wahispania waliwaita Wamoro, jina walilokuja nalo kutoka vita vyao vya Andalusia, na kwa karne tatu hawakuweza kuwatawala sawasawa huko Mindanao na Sulu. Katika miji ya Wakristo ulistawi mchezo wa jukwaani uitwao moro-moro, ambamo Mwislamu hushindwa kila mara, na mara nyingi mwishowe hubatizwa. Rafiki yangu alisema kuwa Mmoro katika fasihi ya nchi yake alitungiwa mashairi na watu waliomwogopa.

Ndipo akanitajia Darangen, utenzi mkubwa wa Wamaranao, wenye visa 17 na mistari 72,000. Sehemu yake kubwa ni ya zamani kuliko kufika kwa Uislamu kwao, na huimbwa kwenye harusi kwa siku kadhaa. Alinitafutia pia hadithi fupi ya Ibrahim Jubaira, mwandishi Mwislamu, juu ya kijana yatima mwenye mdomo uliopasuka. Kijana huyo anapelekwa na shangazi yake kutumikia katika jumba la Datu, na huko anampenda binti wa mwenye jumba bila kuthubutu kusema. Miaka inapita, yeye anakuwa mtu huru, na siku moja anamkuta yule binti akiwa fukara, mumewe akiwa gerezani. Ni hadithi ya kurasa chache isiyo na hotuba hata moja. Niliisoma mara tatu. Mwaka 2017, Marawi ilipovunjwa kwa vita vya miezi mitano, hiyo ndiyo niliyoichukua tena, na si Rizal.

Wanaoniuliza waanze na kitabu gani nawaambia waanze na kilicho karibu. Barua Ndefu kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal ipo kwa Kiswahili. Ni barua ya mjane aliye katika eda, akimwandikia rafiki yake juu ya mume aliyemwolea rafiki wa binti yao, na ingezungumzwa kwa faida katika darsa lolote la akina mama. Gurnah wetu wa Zanzibar, aliyepata Nobel mwaka 2021, sasa naye anasomeka kwa Kiswahili katika Peponi.

Lakini mtu wa Rizal ninayemkumbuka kuliko wote ni mzee Tasio, msomi ambaye nusu ya mji humwita mwenye hekima na nusu humwita mwendawazimu. Ibarra anamkuta akiandika kwa alama za ajabu, mfano wa zile za Misri ya kale, lakini lugha ni ya kwao, Kitagalogi. Anasema hawaandikii watu wa wakati wake, bali kizazi kitakachokuja na kuelewa. Rafiki yangu aliniambia kuwa babu zake nao waliandika Kimaranao kwa herufi za Kiarabu, na kwamba karatasi nyingi za namna hiyo hukaa majumbani bila msomaji. Nilimjibu kuwa kwetu Mwengo bin Athumani aliandika Utendi wa Tambuka kwa herufi hizo hizo mwaka 1728, na kwamba yaliyosalia mengine yamo masandukuni, yakiliwa na mchwa. Katika mtaa wetu najua nyumba mbili zenye masanduku hayo. Wenye nyumba ya kwanza wamekataa. Wa pili wamesema nije baada ya Idi, na nije na mtu mwingine mwenye macho mazuri, kwani wino umefifia.