Kusawazisha Vikosi vya Mashujaa

Ni jambo gani liufanyalo mchezo kuwa wa haki? Wengi watajibu kwamba ni kila upande kupewa sawasawa na mwenziwe. Ndivyo ilivyo katika bao: kete zote ni 64, kila mchezaji anazo 32, wala hapana kete iliyo bora kuliko nyingine. Ashindwaye hana la kulaumu ila akili yake.

Lakini uko mchezo mwingine, ulioanza Marekani mwaka 2002, uitwao HeroClix, ambao usawa wake ni mgumu zaidi. Huchezwa kwa dadu na sanamu ndogo za mashujaa wa hadithi, wenye nguvu zipitazo za wanadamu. Kila sanamu husimama juu ya kitako chenye tarakimu za nguvu zake, nacho huzungushwa shujaa anapoumia, tarakimu zikabadilika. Tena kila mchezaji hujichagulia kikosi apendavyo. Ni nini basi kimzuiacho asichague wenye nguvu watupu? Ni bei. Kila shujaa amewekewa bei yake kwa alama, na wachezaji hupatana kwanza jumla isiyopitwa, mara nyingi 300. Atakaye jitu la alama 200 hubakiwa na 100 tu. Mwenziwe aweza kuleta watu sita wa alama 50.

Jambo hili tulilijaribu na wanafunzi wetu hapa Ilula. Walifinyanga askari wa udongo, wakapatana kwamba kikosi kisipite alama 20: jitu alama 10, tabibu 3, mpelelezi 2. Siku za kwanza wote walinunua majitu mawili mawili. Ndipo msichana mmoja akanunua jitu moja, matabibu wawili na wapelelezi wawili. Wapelelezi waliziba njia, na jitu lake lilipojeruhiwa matabibu waliliponya. Alishinda mara tatu mfululizo. Tangu hapo kila mtoto alimtafuta tabibu, hata ikabidi bei yake ipandishwe kuwa 4. Hivyo twaona kwamba bei ya haki haipatikani kwa kukisia mara moja. Hupimwa kwa kucheza, ikasahihishwa.

Hata hivyo bei haipimi yote. Lugalo si mbali nasi. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani, likiongozwa na Emil von Zelewski, lilipita huko na bunduki na mizinga. Kwa kuhesabu silaha tu, mtu angesema kwamba Wahehe wa Mkwawa, ambao wengi wao walikuwa na mikuki, hawana alama za kutosha. Lakini waliotea karibu na njia, wakawashambulia wangali katika msafara, wasipate nafasi ya kujipanga. Zelewski aliuawa pamoja na askari wake wengi. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi, wakaipiga ngome ya Kalenga kwa mizinga, wakaitwaa. Nguvu ya silaha zile zile ilikuwa nyingine porini, na nyingine mbele ya ukuta usioweza kuhama.

Sasa tuje kwa watoto wenyewe. Wanapojigawa kwa mpira, manahodha wawili huita kwanza wenye mbio na nguvu. Wadogo husimama kando wakitazama chini, mpaka abaki mmoja ambaye kila upande wasema, "Mchukueni ninyi." Maneno hayo mtoto huenda nayo nyumbani. Je, tuwape nao bei? Hasha! Sanamu huandikwa bei kitakoni, lakini mtoto ana roho, na ameumbwa na Mungu.

Iko njia nyingine, nasi twaitumia. Nahodha mmoja huwagawa watoto wote katika vikosi viwili. Kisha mwenziwe huchagua kwanza kikosi akitakacho. Basi yule mgawaji, akijua kwamba huenda akaachiwa kikosi chochote, huwatazama hata wadogo kwa makini: huyu hapigi mpira mbali, lakini hachoki, yule ni mfupi, lakini aona mwanya kabla ya wengine. Hapana aitwaye wa mwisho, maana hapana aitwaye.

Wazazi na walimu wenzetu, ijaribuni njia hii uwanjani, na hata katika kugawa kazi za shamba. Mgawaji asiyejua fungu lake hugawa kwa haki.