Siku kumi za Bobi



Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, nilikwenda Kamina kumchukua mama yangu. Tangu baba afariki alikuwa amebaki peke yake katika nyumba ile, na magoti yake hayakumruhusu tena kuchota maji. Sisi watoto tulikubaliana aje kukaa nami hapa Kakontwe. Mama alikubali, lakini kwa sharti moja: mbwa wake Bobi aje pamoja naye, na kuku wake watatu vilevile. «Huyu mbwa alilala mlangoni siku zote baba yenu alipokuwa mgonjwa,» alisema. «Simwachi.»

Hatukuweza kungojea treni. Tulipata kamio lililobeba mahindi na makala, na juu ya mifuko kulikuwa na watu kama ishirini. Mdogo wangu anayeishi Kanada aliwahi kunitumia picha ya gari lenye kitanda na jiko ndani. Kule kuna watu wanaosafiri nalo wakati wa theluji pamoja na mbwa na paka zao. Nilicheka sana. Lakini mwenye kupanda kamio la Kamina anajua kwamba sisi pia tunahamia barabarani. Pale juu tulipika, tulilala, tulisali, na watoto waliogeshwa kwa maji ya bidoni. Safari ilichukua siku tano.

Kabla ya kuondoka, jirani ya mama aliniuliza: «Yaya, mbwa amechanjwa? Veterineri hayuko mbali.» Nikamjibu kwamba kamio linaondoka asubuhi na sina wakati. Ninaandika jibu langu hili hapa ili mlikumbuke, kwa sababu mimi nimelikumbuka sana.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kuku tuliwaweka katika kitunga chenye matundu, upande usiopigwa na upepo, na asubuhi na jioni tuliwapa maji na mahindi kidogo. Bobi tulimfunga kwa kamba karibu na miguu ya mama. Kila kamio liliposimama nilimshusha atembee na kujisaidia. Abiria wengine walinung'unika, wengine walimtupia mifupa. Tulipita Luena, tukapita Lubudi.

Usiku wa tatu tulikuwa juu, kule upande wa Biano wanakofugia ngombe. Ninyi wa Likasi mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, lakini ile ya juu ni nyingine. Turubai lilikuwa limeloa umande, na vidole vyangu havikuweza kufunga kifungo. Mama mmoja, mwenye mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, aliwasha mbabula akataka kuiingiza chini ya turubai. Shofere alikataa kabisa. Alisema aliwahi kuona watu waliolala na mbabula mahali palipofungwa, na asubuhi hawakuamka. Alikuwa na haki. Makala yakiwaka pasipo hewa hutoa sumu isiyo na harufu, nayo huua watu na wanyama wakiwa usingizini. Tukazima moto, tukakaribiana.

Basi yule mtoto, kwa kutafuta joto, alitambaa gizani mpaka kwa Bobi. Nadhani alimkanyaga mguu. Nilisikia mbwa akilia, kisha mtoto akilia. Tulipowasha tochi, mkono wa mtoto ulikuwa unatoka damu, na alama za meno zilionekana chini ya kidole gumba.

Mama yake hakupiga kelele. Aliniuliza tu: «Mbwa huyu amechanjwa?»

Nilimtazama mama yangu. Mama yangu alinitazama mimi.

Wanaume wawili walishika kamba ya Bobi wakasema watamshusha na kumwua papo hapo. Mama, ambaye magoti yake hayamtii, alisimama. «Mmwache,» alisema. «Mkimwua leo, kesho tutamwuliza nani kama alikuwa mgonjwa?» Watu wakanyamaza. Wakati ule nilidhani anasema hivyo kwa kumpenda mbwa wake tu. Baadaye nilijua kwamba alisema kweli.

Mimi nilikumbuka jambo moja nililosikia katika mazungumzo ya afya ya kikundi chetu: sabuni na maji. Kichaa cha mbwa, ule ugonjwa tunaouita kwa Kifaransa la rage, hupita katika mate ya mnyama na kuingia kwenye kidonda. Shirika la Afya Duniani linasema kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi sana unapokuwa porini na bidoni moja ya maji ya kunywa. Shofere alishika saa, mimi nilimimina, mama wa mtoto alisugua taratibu kwa sabuni yangu ya kufulia. Mtoto alitetemeka kwa maji yale ya baridi, na kila mtu juu ya kamio alijua kwamba kesho atakunywa kidogo. Hakuna hata mmoja aliyesema tuache. Mzee mmoja alitaka tuweke tumbaku, mwingine alitaka tufunge kidonda kwa nguvu. Tulikataa yote mawili.

Asubuhi, katika kituo cha afya cha njiani, muuguzi alisafisha kidonda tena, lakini chanjo hakuwa nayo. Alituambia: «Nendeni mpaka Likasi, na msikawie. Ugonjwa huu ukianza kuonekana, mtoto kukataa maji na kuchanganyikiwa, hakuna dawa tena. Chanjo inasaidia kama inatangulia.» Siku mbili zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko zile tatu za kwanza. Nilikaa nikitazama ule mkono mdogo uliofungwa kitambaa, na moyoni nilisikia sauti yangu mwenyewe: sina wakati, sina wakati.

Likasi tulifika alasiri. Hatukupita nyumbani. Mama na mizigo walitangulia Kakontwe pamoja na Bobi, nami nilikwenda na yule mama na mtoto wake mpaka tukapata mahali penye chanjo. Pesa ilikuwa ile ya zamu yangu ya likelemba, niliyokuwa nimeiweka kwa bati za chumba cha mama. Chanjo ile haitolewi mara moja. Mtoto hurudi siku zilizopangwa, na kila mara tulikwenda pamoja.

Tulipokuwa tunangoja, muuguzi mmoja alitueleza habari ya zamani. Mwaka 1885, mwezi wa saba kama sisi, mama mmoja wa Alsace alisafiri mpaka Paris na mtoto wake wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa siku mbili kabla. Alimpeleka kwa Louis Pasteur. Tarehe 6 mtoto alianza kupewa chanjo mpya, na ugonjwa haukumpata. Mama wa mtoto wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Basi na yeye alisafiri siku mbili.» Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Sasa Bobi. Mbwa aliyemwuma mtu, kama anaonekana mzima, hafai kuuawa wala kuachiliwa. Hufungwa mahali salama na kuangaliwa siku kumi. Kama alikuwa na ugonjwa katika mate siku aliyouma, utaonekana katika siku hizo. Lakini mtoto hangojei siku kumi hizo ziishe; yeye huanza chanjo mara moja. Tulimfunga Bobi nyuma ya nyumba, watoto wakakatazwa kumkaribia. Mama alimpelekea chakula kwa kusukuma sahani na fimbo. Kila asubuhi alichora mstari mmoja wa makala ukutani, ule ukuta wetu ambao vumbi jeupe la mawe ya chokaa ya Kakontwe haliachi kuurudia. Je, anakula? Anakunywa maji? Sauti yake imebadilika? Mistari ikawa mitano, ikawa minane. Mimi sikulala vizuri hata usiku mmoja.

Siku ya kumi Bobi alikula bukari lake lote akatikisa mkia. Mama alikaa chini pale pale akalia, yeye ambaye hakulia njia nzima. Jioni mama wa mtoto alikuja kumwona mbwa kwa macho yake. Alikuja na mtoto, mkono umepona, kumebaki kovu. Alileta unga. Nilitaka kumwomba msamaha tena, akanikatiza: «Tuliosha pamoja.» Siku ile veterineri alimchanja Bobi, na kadi yake iko katika bahasha moja na kadi za chanjo za watoto wangu.

Wamama, wengi wetu tutasafiri tena wakati wa baridi, kwa matanga, kwa ndoa, kwa kuwachukua wazazi. Ukiwa na mbwa au paka, mchanjie kabla ya safari, kuanzia miezi mitatu, na urudie kila mwaka. Chanjo yafaa ikae wiki chache kabla ya kuondoka. Mfunge mbali na mahali watoto wanapolala. Chukua bidoni ya pili ya maji na kipande cha sabuni ambacho hakiguswi kwa kazi nyingine. Mbabula usiiingize chini ya turubai, hata baridi iwe namna gani.

Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya dunia nzima ya kupigana na kichaa cha mbwa. Naomba kikundi chetu kimwalike veterineri siku hiyo, kila mmoja aje na mbwa wake kwenye kamba. Mimi nitakuja na Bobi, na mama ameahidi kuja, magoti yakimruhusu.

Mungu awalinde njiani.