Mkereza Vyuma
Kukereza ni neno kongwe kuliko umeme. Maseremala wa pwani walikereza miguu ya vitanda kabla karakana za Chang'ombe, Temeke, hazijajengwa. Leo kinachozungushwa humo ni chuma, na mwenye kazi huitwa fundi tu. Ni hasara, maana lugha ilikwisha kumpa jina lake.

Mtu huleta shafti iliyolika ya mashine ya kusaga mahindi, atakaye mpya kabla ya jioni, kwani mashine imesimama na riziki imesimama nayo. Mkereza hufunga chuma, kikazunguka, na kisu kikaambua maganda yaliyojisokota. Kazi hupendeza macho hapo. Ugumu wake u katika kupima. Chuma chenye kipenyo cha milimita 50, joto lake likizidi kwa nyuzi 40, hutanuka milimita 0.02 hivi. Kikipimwa kingali moto huonekana sawa. Kikipoa, beringi hulegea. Kilichozidi hupunguzwa, lakini kilichopungua hakirudi. Basi mkereza huzima mashine, akafuta mikono, akangoja chuma kipoe, na mwenye mali akinung'unika mlangoni.