Upande wa Pili wa Kanda

Baada ya sala ya isha tulikuwa tukikusanyika barazani, Mji wa Kale, Mombasa, vijana wanne, kahawa chungu na kashata mbele yetu, tukimsikiliza Juma Bhalo na kubishania mafumbo yake. Kubishana tulikujua kuliko kuimba. Usiku mmoja, kwa uroho wa nyimbo mpya, tulirekodi upande wa pili wa kanda ya mwenzetu bila kumuuliza. Kumbe ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mamake, akiwaita wanawe waje kula. Habari tuliipata kwa nduguye. Mwenyewe hakunena neno, alitumiminia kahawa kama ada. Juma Bhalo aliacha kuimba mwaka 2007, akafariki 2014. Baraza ingalipo, na mwenzetu yu hai. Radhi hatujamwomba.