Mazabodi ipi ifike Tukuyu?

Ukitoka Uyole kuelekea mpaka wa Kasumulu, barabara hupanda kwanza hadi kwenye mashamba ya viazi ya Isongole, kisha huanza kuteremka kuelekea Kiwira, migomba ikiwa imeifunga pande zote mbili. Kushoto kwako unauacha Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, ambao siku nyingi hauonekani kwa mawingu. Ukifika Tukuyu umeshafunga zipu ya jaketi. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, karibu mara mbili ya ile ya Dar es Salaam. Wajerumani waliuita Neu Langenburg, baada ya kuhamisha makao yao kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa.

Mvua hiyo ndiyo inayolisha chai ya Katumba, ndizi, viazi na parachichi za Rungwe. Ndiyo pia iliyoingia, bila kualikwa, katika mazungumzo niliyoyakuta nyumbani kwa kaka yangu mtaa wa Bulyaga. Mazungumzo yenyewe yalihusu kompyuta ya kuchezea gemu.

Kijana wao yuko mwaka wa kwanza chuoni Mbeya na alikuwa likizo. Baba yake alimwahidi kompyuta akifaulu, naye amefaulu. Hakuficha kwamba anaitaka kwa gemu kwanza, masomo na kuhariri video vikifuata. Fedha ni za parachichi na viazi vya msimu mmoja, na kwenye fungu hilohilo dada yake anasubiri sare, godoro na sanduku la kuingilia kidato cha kwanza Januari. Wifi yangu alikuwa ameshasema neno lake: cha binti hakiguswi.

"Shangazi, shikamoo, hebu tuamulie," kijana aliniambia, akinionyesha picha mbili kwenye simu. Zilikuwa mazabodi mbili, moja ya bei ya kati, nyingine ghali zaidi na yenye taa za rangi. Baba yake aliona vibao viwili vyenye nyaya. Kijana aliona maisha yake ya miaka mitano ijayo.

Ubao unaoamua mengine

Wazazi wenzangu, tuelewane kwanza hapa. Mazabodi, au ubao mama, ni ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta ambao kila kitu huchomekwa juu yake: prosesa, RAM, diski, kadi ya picha, nyaya za umeme. Yenyewe haiongezi kasi ya gemu kwa kiasi cha kuonekana. Weka prosesa ileile na kadi ya picha ileile kwenye mazabodi mbili zinazolingana, moja ya bei ya chini na moja ya bei ya juu, na gemu litakwenda karibu sawasawa. Kazi ya kulikimbiza gemu zaidi ni ya kadi ya picha.

Lakini ukishanunua mazabodi, umeshaamua mengi bila kujua. Soketi yake, yaani kikalio cha prosesa, hupokea jamii moja tu ya prosesa. Nafasi zake za RAM hupokea aina moja tu: RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, kwa sababu pengo lake limekatwa mahali pengine. Ukubwa wake nao huamua kasha. Mazabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, na ile ndogo ya micro-ATX ina 244 kila upande. Kwa hiyo kosa la mazabodi si kosa la kitu kimoja.

Mazabodi ya kwanza kwenye simu ya kijana ilikuwa ya B550, yenye soketi ya AM4 na RAM ya DDR4. Ya pili ilikuwa ya B650, yenye soketi ya AM5 na RAM ya DDR5. Zote mbili ni za prosesa za AMD. Kuhusu majina ya watengenezaji, ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock yote ni ya Taiwan, na kila mmoja ana mazabodi nzuri na za kubana matumizi. Ugomvi wa majina usiwapotezee usiku.

Hoja ya kijana na hoja ya baba

Kijana alikuwa na hoja ya kweli. AM4 ni barabara iliyofika mwisho. Prosesa za Ryzen zilianza kuikalia 2017, na mpya ziliendelea kutolewa kwa miaka mingi, lakini kizazi kipya chote kimehamia AM5, iliyoanza 2022. AMD imesema itaendelea na AM5 angalau hadi 2027. Anayenunua B650 leo anaweza baada ya miaka kadhaa kutoa prosesa tu na kuweka nyingine yenye nguvu zaidi, ubao ukabaki uleule.

Upande wa Intel haukuwa na faraja kubwa zaidi. Soketi yake ya LGA1700 ilianza 2021, ikabeba vizazi vitatu, na 2024 kampuni ikahamia soketi nyingine.

Baba yake akauliza swali moja la mkulima: "Ikiharibika, nitaipata wapi nyingine?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha kikao. Kutoka Kariakoo hadi Tukuyu ni kama kilomita 900, na mzigo huja kwa basi. Kurudisha kitu kibovu ni nauli ya mzigo mara mbili na wiki za kusubiri, kama muuzaji atakubali kukipokea. Kwa mtu wa Dar es Salaam, mazabodi ni kitu cha kubadilisha Jumamosi asubuhi. Kwa mtu wa Rungwe, ni kitu cha kuchagua kama unavyochagua mche wa parachichi, ukijua hutaung'oa mwakani.

AM4 imekuwa sokoni miaka mingi, kwa hiyo prosesa zake, RAM za DDR4 na hata mazabodi zilizotumika zinazunguka kwa wingi. Ikifa moja, ya kuziba pengo haihitaji kuagizwa mbali sana.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji sana, nalo linahusu pini. Kwenye AM4, pini ziko chini ya prosesa, na mazabodi ina matundu tu. Kwenye AM5, na kwenye soketi za Intel za siku hizi, pini ziko juu ya mazabodi yenyewe. AM5 ina pini 1,718, nyembamba kuliko sindano. Kidole kikiteleza au kifuniko cha plastiki kikitoka njiani, pini chache zinapinda na ubao unaweza usiwake tena. Anayenunua mazabodi ya aina hii iliyotumika amwombe muuzaji afungue kifuniko, amulike kwa tochi, na ampigie video ikiwaka kabla ya kuipeleka stendi.

Njia ya tatu ilipendekezwa na rafiki wa kaka: kununua kompyuta ya ofisini iliyotumika na kuichomekea kadi ya picha. Kwa bei ni njia nzuri, na kwa kazi za shule inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba baadhi ya kompyuta hizo zina mazabodi ya umbo lake na plagi za umeme za peke yake, na pawa saplai ndogo isiyoweza kulisha kadi kubwa ya picha. Ikifa pawa saplai, ya kawaida ya dukani huenda isiingie. Kama ni njia yako, fungua kasha uangalie kabla ya kulipa.

Radi, unyevu na baridi

Tukuyu ina faida moja: baridi. Ushauri mwingi wa feni nyingi na vipoza vya maji ni wa watu wa joto. Hapa, kipozaji kinachokuja na prosesa ya kawaida kinafanya kazi bila jasho, na taa za rangi zitawaka kwa fedha ambayo ingenunua kitu cha maana.

Hasara zake ni mbili. Ya kwanza ni unyevu. Kompyuta isiwekwe sakafuni kwenye sementi wala kando ya dirisha. Mzigo ukifika na baridi ya njiani, uache ndani ya boksi saa kadhaa upate joto la chumba, usije ukauwasha ukiwa na umande ndani.

Ya pili ni radi na umeme wa kukatikakatika. Hapo msomaji achague mazabodi yoyote, lakini asiinunue bila kinga yake. Stabilaiza husawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika nayo inazimika. UPS hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu. Radi ikianza kunguruma, hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda kuchomoa plagi ukutani, pamoja na waya wa intaneti kama upo. Na fundi umeme aangalie kama nyumba ina waya wa ethi unaofika ardhini kweli. Plagi ya pini tatu iliyochomekwa kwenye adapta ya pini mbili haina ethi.

Kukatika kwa umeme kuna hatari moja inayoihusu mazabodi moja kwa moja. BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta, wakati mwingine huhitaji kusasishwa ili itambue prosesa mpya zaidi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kugoma kabisa. Kwa hiyo muuzaji wa Dar es Salaam au Mbeya asasishe kabla ya kutuma, na akuonyeshe ikiwaka na prosesa ileile unayonunua.

Walichoamua

Walikaa na karatasi na kalamu. Tofauti ya bei kati ya B650 na RAM yake ya DDR5, na B550 na RAM yake ya DDR4, ilitosha kununua UPS ya VA 1,000 na bado ikabaki nauli ya mzigo. Wakachagua B550 ya micro-ATX yenye nafasi nne za RAM, ili waanze na vipande viwili na kuongeza baadaye bila kutupa chochote.

Prosesa ikawa Ryzen 5 5600G. Hiyo herufi G ina maana kubwa kwa mfuko wa mzazi: prosesa hii ina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo kompyuta inawaka na kucheza gemu nyepesi bila kadi ya picha. Ile ya 5600 isiyo na G haitoi picha kabisa mpaka ununue kadi. Sharti ni mazabodi iwe na tundu la picha, kama HDMI, na ni vyema RAM ziwe mbili, kwa sababu kasi ya picha hutegemea RAM hizo. Kadi ya picha itakuja baadaye, na kijana ataichangia kwa kazi za kuhariri video atakazopata. Baba yake aliandika hilo kwenye karatasi, kijana akatia sahihi, mama yake akaikunja na kuiweka kwenye kabati la vyombo.

Kijana hakufurahi asilimia mia. Alijua anaacha barabara inayoendelea na kuchukua iliyofika mwisho, na hakuna aliyemdanganya kwamba si hivyo. Kama wangekuwa wanaishi Mbeya mjini, au kama fungu lisingekuwa na godoro la mtu mwingine ndani yake, ningemuunga mkono yeye.

Mzazi, mwanao akikuletea picha mbili za mazabodi, huna haja ya kujua kompyuta. Muulize: inapokea prosesa gani na RAM gani? Ikifa, ya kuiziba ipo karibu? Itawaka bila kadi ya picha? Muuzaji ameiwasha mbele yako, hata kwa video? Na fedha ya UPS imo kwenye hesabu, au imesahaulika? Mtoto anayeweza kujibu maswali hayo amekwishajifunza kitu kabla hata mzigo haujapanda basi.

Nilipoondoka, pesa ya sare ilikuwa imeshatengwa, na kijana alikuwa anafukia fimbo ya ethi nyuma ya nyumba pamoja na fundi, mvua ikianza kunyesha.