Heller ya Mzee wa Kibondo

Sala ya Adhuhuri ilipokwisha katika msikiti mmoja wa Kibondo, mzee mmoja alinishika mkono, akaniketisha kivulini chini ya mwembe. Nilikuwa nimekwenda kwa shughuli za kamati ya msikiti wetu wa Kasulu, na alasiri ile nilipaswa kurejea. Mzee akafungua fundo la kitambaa, akasema, "Katibu, mwanangu, wewe umesoma. Nisomee hii."

Ilikuwa sarafu ya shaba ya njano, iliyosuguliwa na vidole vya vizazi vitatu. Upande mmoja ulikuwa na taji, herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1916. Upande wa pili uliandikwa 20 Heller, na chini yake herufi T. Babu yake aliipata alipokuwa mpagazi wa vita.

Halikuwa swali la historia tu. Mjukuu wake aliyeko Kasulu alikuwa ameambiwa na watu fulani kwamba sarafu za Mjerumani zina madini ya siri ndani yake, na kwamba moja huuzwa kwa mamilioni, ila sharti kwanza ilipiwe gharama za kupimwa. Kijana alikwisha kutoa nusu ya fedha hizo. Nusu iliyobaki alikuwa akiitafutia mnunuzi wa shamba la maharage. "Mfikie kabla hajauza," mzee akaniomba.

Kosta iliondoka Kibondo ikipita kati ya migomba na vumbi jekundu. Tulivuka bonde la Malagarasi, tukaingia katika miombo, na njia nzima niliiwaza ile herufi T.

T ni Tabora. Vita vilipopamba moto, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na fedha kutoka Ujerumani hazikufika tena. Ndipo watawala wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Kwa dhahabu ya Sekenke walitengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zipatazo elfu kumi na sita. Kwa shaba walitengeneza heller hizi, na za heller 20 peke yake zilizidi milioni moja. Heller 100 zilikuwa rupia moja. Basi sarafu ya mzee ilikuwa sehemu ya tano ya rupia. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na dola iliyoahidi thamani ile ikaondoka. Sarafu ikabaki, ahadi ikafa.

Kabla ya hapo, mwaka 1890, kampuni ya Kijerumani ya biashara ilikwisha kutoa pesa zake za shaba, zikiwa na maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, ili watu wa pwani wazikubali. Hata leo, katika bahari ya Uingereza, liko jukwaa la wakati wa vita ambalo mwenyewe alilitangaza kuwa nchi mwaka 1967, akaliita Sealand. Hakuna serikali iliyoitambua nchi hiyo, lakini imetoa sarafu za ukumbusho, na wapo wanaozinunua. Kuchonga taji juu ya chuma si kazi ngumu. Kazi ni kuwa na ahadi nyuma yake.

Baada ya Makere jua lilianza kuinama. Magharibi ilinikuta Kasulu, na baada ya sala nilimpata kijana. Nilimweleza habari za Tabora. Kisha nikamuuliza, "Kama ndani yake mna mamilioni, kwa nini hao wanataka chako kwanza?"

Alinyamaza kitambo. "Basi, Katibu, haina thamani?"

Nikamwambia inayo. Wapo wakusanyaji wanaonunua heller kama hizi kwa bei ya kawaida, si kwa bei ya shamba. Na kwenu inayo thamani nyingine: huo ni ujira wa mgongo wa babu wa babu yako.

Shamba halikuuzwa, alhamdulillah. Fedha alizokwisha kutoa hazikurudi, na simu za wale watu hazipatikani tena.

Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya gharar, yaani kuuza au kununua kitu kilichofichika hali yake. Mlinde kijana wako kwa elimu hiyo kabla hajafikiwa na wenye maneno matamu. Na ukiwa na sarafu ya kale nyumbani, wasimulie watoto ilikotoka. Mzee wa Kibondo ameirudisha yake katika fundo la kitambaa, na mjukuu ameahidi kupanda maharage msimu huu, insha Allah.